Ushanga Uliagizwa, Haukuletwa

Hotuba ya ufunguzi wa maonyesho ya shanga za Jablonec na Umasaini, Arusha

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu mliotoka Longido, Monduli na Ngaramtoni, takwenya. Walimu, waongoza watalii na vijana wa sokoni, karibuni sana. Tutasema kwa kirefu kidogo kabla mlango haujafunguliwa, maana mkishaingia hakuna atakayesikiliza tena. Macho yatakuwa kwenye rangi.

Maonyesho haya yanaunganisha sehemu mbili. Moja ni Umasaini, mnakotoka asubuhi na kurudi jioni. Ya pili ni Jablonec nad Nisou, mji ulio chini ya milima ya Jizera, kaskazini mwa Jamhuri ya Cheki, nchi isiyogusa bahari yoyote. Kwenye nyaraka za zamani mtaukuta kwa jina la Kijerumani, Gablonz. Ni mji ule ule. Watu wake wengi walikuwa wasemaji wa Kijerumani hadi walipofukuzwa baada ya vita kwisha mwaka 1945, na baadhi yao wakaenda kuanzisha kazi ile ile Neugablonz, katika mji wa Kaufbeuren huko Bavaria. Kwa hiyo mkiona kadi ya sampuli ya zamani imeandikwa Kijerumani, msidhani shanga zake ni za Ujerumani.

Vibao vya maonyesho ya namna hii huandika mara nyingi kwamba Wamasai "walipokea" shanga kutoka Ulaya. Humu ndani neno hilo halimo hata mara moja. Anayepokea hachagui. Hawa walichagua: rangi, ukubwa, hata urefu wa uzi, na mfanyabiashara aliyekosea alirudi na mzigo wake.

Ushahidi upo. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alitaka kuingia Umasaini. Alilazimika kusimama Taveta, wapagazi wake wakatunga upya shanga zote kwa urefu unaokubalika huko mbele, kwa sababu zisizotungwa hivyo hazikununua kitu. Fikirini: ushanga ule ule, kioo kile kile, lakini kwa urefu usio sahihi ni mzigo tu. Miaka zaidi ya 20 kabla yake, Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipita njia ya kati kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, akahesabu aina 400 hivi za shanga katika biashara ya Zanzibar, kila moja na jina lake na mahali inapopendwa. Nyekundu zenye moyo mweupe ziliitwa samesame, na watu wa misafara walizibandika pia majina yenye maana ya mmaliza chakula na mvunja mji, kwa kuwa mtu aliacha mlo wake azipate. Shanga iliyokuwa kipenzi mji huu, mji wa pili haikununua hata yai. Biashara ya namna hiyo huendeshwa na mnunuzi.

Mwanzoni nyingi ya shanga hizo zilitoka Venisi. Jablonec iliingia sokoni kwa nguvu katika karne ya 19, ikapeleka mawakala na kadi za sampuli: karatasi ngumu iliyoshonewa nyuzi fupi za shanga, kila uzi na namba. Mzigo ulishuka hadi Hamburg, ukapanda meli hadi Zanzibar, ambako nyumba za biashara za Hamburg kama O'Swald na Hansing zilikuwa na maghala, kisha Pangani au Tanga, kisha vichwani mwa wapagazi. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, kichwa cha mpagazi kikapata nafuu.

Sasa kabati la kwanza. Lina shada moja tu la ushanga mwekundu, halijafunguliwa, kama linavyouzwa dukani. Tumeliweka mbele kwa makusudi, kwa sababu ndani ya shada hilo ipo mikono ya wanawake wa pande zote mbili. Shada la kawaida la Kicheki lina nyuzi 12, kila uzi sentimita 50 hivi, yaani mita 6 za ushanga. Nani alizitunga? Kwa vizazi vingi ilikuwa kazi ya nyumbani ya wanawake na watoto wa milima ya Jizera wakati wa baridi kali: bakuli limejaa shanga, fungu la sindano ndefu limetandazwa kama kipepeo cha mkono, linachovywa na kuinuliwa, shanga zinapanda zenyewe. Shada linafika Arusha, mama wa Kimasai anakata uzi ule, anazimwaga kwenye sahani na kuzitunga tena kwa mpango wake. Kila ushanga mnaouona shingoni umetungwa mara mbili.

Hapo hapo pana kosa la wanaoanza. Uzi wa shada ni pamba laini ya kusafirishia tu, haukupakwa nta wala kusokotwa kwa kazi ya kuvaliwa. Ukiufunga mkononi kama bangili, hauvuki wiki mbili.

Kabati la pili linaonyesha ushanga mdogo, ule Wacheki wanaouita rokajl, unavyotengenezwa. Haufinyangwi mmoja mmoja. Mchanga wa kwarzi, soda au potashi, chokaa na madini ya rangi huyeyushwa kwenye tanuru la zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi. Zamani fundi alichota donge la kioo kwa bomba la chuma, akalipulizia tundu katikati, mwenzake akashika upande wa pili, wakakimbia kila mmoja kwake. Donge likawa mrija mrefu wa makumi ya mita, mwembamba kama bua la ngano, na lile tundu likabaki humo kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mashine ndiyo inayovuta. Mrija hukatwa vipande vidogo, na kipande kilichokatwa tu kina kingo kali kama wembe. Kukiviringisha, hujaza kwanza tundu kwa unga, zamani wa mkaa na chokaa, ili lisizibe, kisha vipande huzungushwa ndani ya pipa lenye moto wa kulegeza tu. Kingo zinayeyuka kidogo na kuwa duara. Vinaoshwa, vinang'arishwa, vinachekechwa kwa ukubwa.

Moto ukipungua, kingo hubaki kali na kukata uzi. Ukizidi, tundu hujiziba au shanga hushikana. Mkiwa sokoni, chukueni shanga kumi za bei rahisi na kumi za Kicheki, zipangeni ubavu kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe. Za bei rahisi mtaona moja nene, moja nyembamba, moja tundu limekaa pembeni. Hatusemi zisinunuliwe, kwa hereni ya mgeni zinatosha. Kwa kidani kipana cha bibi harusi zitawatoa machozi, na sababu yake ni hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo kabati la tatu, na kama mtu ana muda wa kabati moja tu, aende hilo. Namba za ukubwa kwanza: huandikwa 8/0, 10/0, 11/0, na namba ikipanda ushanga unapungua. 8/0 una upana wa milimita 3 hivi, 10/0 ni 2.2 hadi 2.4, na 11/0 ni 2.0 hadi 2.2. Kidani kilichomo kabatini ni cha 10/0. Tundu la shingo lina kipenyo cha sentimita 14, ukingo wa nje sentimita 30, na mistari ni 34. Mstari wa wastani una sentimita 69, kwa hiyo mistari yote ni kama mita 23 na nusu za ushanga. Katika sentimita moja zinaingia shanga 6. Jumla ni takriban shanga 14,000, karibu mashada manne.

Lakini uzuri hauko kwenye jumla. Uko kwenye nyongeza. Ili kidani kilale bapa, kila mstari lazima uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa karibu sentimita moja na nusu, yaani shanga 9 hivi. Ukiongeza 6, kidani kinajikunja kuelekea juu kama bakuli. Ukiongeza 12, ukingo unafanya mawimbi kama sketi ya marinda. Wanaotunga hawatumii rula wala kikokotoo. Wanapima kwa jicho na kwa kukibonyeza kidani kwenye goti, na wanasahihisha mstari mmoja kabla ya mwingine. Sasa mtaelewa kwa nini ushanga usiolingana ni balaa: shanga zikiwa nene na nyembamba kwa bahati nasibu, nyongeza ya 9 haina maana tena.

Vile vipande vinavyosimama kama spoku za baiskeli kushikilia mistari vilikuwa vya ngozi. Leo vingi ni plastiki iliyokatwa kwenye dumu. Mgeni mmoja mmoja huona plastiki na kusema si asili. Ngozi hutanuka kwenye mvua na kukauka ikijikunja, matundu yake yanapanuka, mistari inalegea. Plastiki haifanyi hivyo. Mtunga shanga aliyebadili hakuharibu kitu, alitatua tatizo. Vivyo hivyo na uzi. Kano za ng'ombe na nyuzi za mkongepori, ule unaoitwa oldupai na uliolipa jina bonde mashuhuri kule Ngorongoro, zilipisha pamba, na pamba ikapisha nailoni. Nailoni ilitangazwa kwa dunia mwaka 1938, kwa hiyo kidani chenye nailoni pengine ni cha baada ya vita ya pili, au kilikarabatiwa baadaye. Ndiyo maana vidani tulivyoazimwa na familia hatukuvitunga upya hata vilipokuwa vimekatika. Uzi ni tarehe. Ukiubadili, umefuta tarehe.

Kabati la nne ni la rangi. Walimu, tafadhali mtusikilize hapa. Ile orodha ya kwamba nyekundu ni ushujaa, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu, kijani ni majani, hatukuibandika ukutani. Huuzwa pamoja na bangili na ina ukweli kiasi, ila inamfanya mtu aache kutazama. Maneno ya rangi ya Kimaa yamekulia kwenye ngozi za ng'ombe: nyokie ni nyekundu, ibor nyeupe, rok nyeusi, nyori kijani kibichi, na pus ni ile ya ng'ombe mwenye kijivu kinachoelekea bluu. Mkazi wa Ngarenaro anatamka mojawapo kila siku bila kujua; Engare Narok ni maji meusi. Tazameni badala yake jinsi rangi zinavyokaa pamoja: nyekundu na kijani wanashirikiana, bluu na rangi ya chungwa wanashirikiana, na katikati huingia nyeupe au nyeusi kutenganisha. Kisha tazameni tofauti za rika kwa rika, kwa maana mitindo ilibadilika hapa kama kwingine kokote, na kiwanda kikalazimika kuifuata.

Wakati mwingine kiwanda kilishindwa. Vita viwili vya dunia vilikata usafirishaji, mashada yakaadimika. Baada ya mwaka 1948 viwanda vya Chekoslovakia vilikuwa vya taifa, na mauzo ya nje yakapitia kampuni ya serikali, Jablonex. Leo rokajl inatengenezwa na Preciosa Ornela, yenye makao yake Zásada, karibu na Jablonec.

Rangi yenyewe ni kemia. Bluu kali ni kobalti. Feruzi ni shaba nyekundu. Nyekundu, chungwa na njano zisizopenyeza mwanga ni kadimi pamoja na seleni au salfa, na hizi ndizo zenye hasira: huiva kwa joto, na likizidi kidogo zinakuwa rangi ya damu ya mzee au kahawia. Kwa hiyo shanga zilizochomwa Jumatatu na zile za Alhamisi hazifanani kabisa, hata kama namba kwenye lebo ni moja. Anayeanza kidani kikubwa anunue mashada yote siku moja, kutoka boksi moja. Katika zile samesame, wekundu ulikuwa ngozi nyembamba juu ya kiini cheupe, kwa kuwa kioo chekundu kilikuwa ghali na juu ya kiini cheupe kinang'aa zaidi. Tumeweka lensi, chungulieni tunduni mtaona weupe.

Zipo pia shanga za njano-kijani zilizotiwa urani, ufundi ulioanzia katika familia ya Riedel kule milima ya Jizera miaka ya 1830. Mlinzi wa chumba anayo tochi ya mionzi ya urujuanimno, ile ile inayotumika madukani kukagua noti. Akiimulika, ushanga wa urani unawaka kijani kama kimulimuli. Kuutazama hakuna madhara.

Kwa mnaonunua kwa kazi: shanga iliyotiwa rangi juu ya kioo, badala ya ndani ya kioo, hufifia kwa jasho na jua. Sugua chache kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikibeba rangi, ziache. Nyingine ziloweke kwenye jiki usiku kucha, kisha zilinganishe na ambazo hazikulowekwa. Jaribio la pili linanasa zile ambazo rangi imejificha ndani ya tundu.

Tufike kwenye kabati la tano, ambalo limefunikwa kwa kitambaa. Mtalifunua wenyewe na kulifunika tena. Ngozi na nyuzi hatuzimuliki zaidi ya luksi 50. Kioo kingestahimili zaidi, lakini kinakaa juu ya ngozi, basi anayeamua ni aliye dhaifu. Ndani kuna kidani cha zamani chenye shanga za bluu zinazolia. Tunasema zinalia kwa kuwa zinatoa majimaji yanayoteleza kama sabuni. Kioo chenye soda au potashi nyingi na chokaa kidogo hunyonya unyevu wa hewa, chumvi zake zinatoka nje, na majimaji hayo ni makali kiasi cha kula uzi na ngozi kutoka upande wa ndani. Kidani kinaonekana kizima, siku moja kinadondoka. Pembeni yake kuna surutia, pambo la waya wa shaba uliozungushwa, na kwenye shaba inapogusa ngozi iliyopakwa mafuta mmeota uchafu wa kijani kama nta. Hiyo ni shaba na mafuta vimeungana. Nta ile tunaiondoa kwa kijiti cha mbao. Shanga zinazolia tunazifuta kwa spiriti isiyo na rangi, kwa maana maji yangeongeza tatizo.

Wenye vidani vya bibi nyumbani: msivioshe kwa maji na sabuni, msivifunge kwenye mfuko wa nailoni, msivianike juani. Vilazeni bapa, visitundikwe msumarini, juu ya kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha. Kitambaa hicho nacho, kama jina linavyosema, kilikuja kwa meli kutoka Marekani, kisha kwa msafara ule ule wa shanga. Vikishambuliwa na wadudu wa ngozi, funga ndani ya plastiki baada ya kutoa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, halafu ukitoa usifungue kwa saa 24, vinginevyo umande utashuka juu ya ushanga. Shanga zinazolia zisiingie friza kabisa.

Shida yetu kubwa hapa ni masika. Kioo kinachoumwa kinataka unyevu wa hewa wa asilimia 40 na kidogo, ngozi inafurahi kwenye 50, na mwezi wa nne chumba hiki kinapita vyote viwili. Tumechagua 45 na kuziba kabati. Mashine ya kukausha hewa haifai kutegemewa peke yake, umeme ukikatika usiku kazi yote inarudi nyuma, kwa hiyo chini ya kila kabati kuna trei ya silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Kanuni ya zamani ya makumbusho ni kilo 20 kwa mita moja ya ujazo. Ni nyingi na ina gharama, ila hukaushwa kwenye oveni na kutumika tena. Makabati hayakutengenezwa kwa MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, maana gundi yake hutoa mvuke wa asidi unaoshambulia kioo na shaba, na rangi ya ukutani iliachwa ikauke wiki nne kabla ya kitu chochote kuingia. Wenzetu mnaopanga maonyesho mashuleni na vituoni, haya mawili ndiyo yanayosahaulika kuliko yote, na hayahitaji fedha, yanahitaji kalenda.

Jambo la mwisho ni kabati la sita. Lina shanga za rangi ya chungwa za aina saba, na namba za kiwanda zimeandikwa chini ya kila moja. Juu yake tumeacha vibao vitupu. Namba ni jina la muuzaji. Mama zetu, tunajua kwamba angalau tatu kati ya hizo mnaziita kwa majina tofauti, na kwamba Longido na Monduli hamkubaliani. Andikeni yote mawili. Kalamu za risasi zipo kwenye kamba. Wino hautumiki karibu na vitu. Asiyeandika amtajie kijana aliyesimama hapo, naye amsomee alichoandika kabla hajakibandika.

Mtaingia 20 kwa 20. Mifuko na chupa za maji zibaki mezani.